Kitabu Bila Kitambaa Chake

Jericho, Nairobi
Agosti

Kwako Abukar, ndugu yangu,

Salamu zangu zikufikie hapo Isiolo, wewe na wote wanaokula nawe sinia moja. Naamini upepo wa huko umetulia, na kwamba vumbi halikusumbui macho kama ulivyoniambia mara ya mwisho. Je, yule daktari wa macho amerudi? Na ile dawa ya matone, unaitumia, au unaiacha dirishani kama ulivyokuwa ukiiacha dawa ya kifua ulipokuwa hapa? Mimi ni mzima, isipokuwa goti la kushoto, ambalo mwaka huu limenionyesha kwamba baridi ya Julai haina heshima kwa wazee. Binti yangu Jacklyne anakusalimu. Anasema hajasahau kwamba ulimwahidi ngamia siku ya harusi yake, na kwamba harusi ilikwisha pita zamani na ngamia hajamwona.

Najua anayekusomea barua hii ni Leyla. Leyla, mjukuu wangu, marahaba. Soma taratibu, kama nilivyokufundisha ulipokuwa ukija kwangu wakati wa likizo, bila kumeza maneno na bila kuruka mstari, hata pale utakapoona mstari wenyewe ni mzito. Babu yako akisema pumzika, pumzika. Akisema acha, usiache.

Utashangaa, Abukar, kwa nini nimeandika na simu ipo. Nimekupigia simu mara nyingi mwezi huu. Kila mara tumezungumza habari za mvua, za mbuzi na za magoti, kisha nimekuaga nikiwa sijasema nililokusudia kulisema. Katika simu mtu hupata pa kukwepea. Mwenzake akikohoa tu, naye hupata nafasi ya kubadilisha mazungumzo. Karatasi haikohoi. Ndiyo maana nimekaa mezani tangu asubuhi, nami sitainuka mpaka nimemaliza.

Jambo lenyewe unalijua kwa sehemu. Ni kile kitabu cha babu yako mzaa mama, ambacho hakipo tena Majengo, na ni mwanao Hirad, ambaye umemfungia mlango kwa sababu ya kitabu hicho. Nakuandikia kwa ajili ya vyote viwili. Lakini nitalieleza tangu mwanzo, kwa sababu sehemu unayoijua umeipata kwa vinywa vya watu, na kimojawapo cha vinywa hivyo ni changu.

Unakumbuka kwamba nilipostaafu ualimu nilikuwa na vitabu vingi kuliko kuta za kuviegemeza. Jacklyne alipopoteza kazi kule kiwandani, alifungua ukurasa katika mojawapo ya masoko ya mtandaoni, tukaanza kuviuza. Yeye hupiga picha. Hutandika shuka jeupe karibu na dirisha, hukiweka kitabu juu yake, na hapo kitabu kilichokuwa kikiliwa na vumbi huonekana kama kimeoga. Yeye pia huwajibu wateja, maana mimi nilishindwa. Wateja wa mtandaoni hawasalimu. Mtu usiyemjua anaandika, "Bado iko?" bila kusema ni nini hicho, na ukimjibu, anaandika, "Bei ya mwisho?" kabla hujamtajia ya kwanza. Mwanzoni niliwarudishia maneno yao yakiwa yamesahihishwa. Jacklyne akaninyang'anya simu, akasema, "Baba, hawa ni wateja, si darasa la nne."

Kazi yangu ikawa kuandika maelezo. Kila kitu kinachouzwa kule huwa na maelezo chini ya picha, na wauzaji wengi huandika uongo mtupu. Mimi niliandika kila kasoro: ukurasa uliochanika, doa la chai, jina la mwanafunzi lililokwanguliwa kwa wembe, harufu ya dawa ya nondo. Jacklyne alilalamika kwamba nawafukuza wanunuzi. Ikawa kinyume. Watu walianza kuandika chini ya ukurasa wetu kwamba mzee huyu wa Jericho hadanganyi, na akikwambia kitabu ni kizima, basi ni kizima. Wakatupa nyota zote ambazo soko lile linaruhusu. Baada ya muda, majirani na watu wa mbali wakaanza kutuletea vitu vyao tuwauzie: sarafu za kale zenye tundu katikati, stempu, santuri, taa za mkono za watu wa reli. Walikuwa wakisema kwamba kitu kikiandikwa na Mwalimu hununuliwa.

Sikufichi, Abukar, nilijivuna. Wewe umenijua tangu tukiwa na magoti yenye vidonda, mimi nikitoka Shauri Moyo na wewe Majengo kwenda shule Pumwani. Unajua kwamba sisi wa Kanisa la Marafiki hatuapi, si mbele ya hakimu wala mbele ya mama. Wewe ndiye uliyewaambia wavulana wa Majengo wasinishurutishe kuapa kwa Mungu kwamba sikuchukua mpira wao. Uliwaambia, "Luseno haapi, lakini hasemi uongo." Maneno hayo yamenitangulia kila mahali. Uliyasema mbele ya hakimu wa mtaa, uliyasema mbele ya baba mkwe wangu, na mwezi uliopita uliyasema tena katika simu, mbele ya watu. Nitarudi hapo.

Dada Ruqiyo alipoamua kuibomoa ile nyumba ya udongo ya Majengo ajenge ya mawe, wewe ulimwagiza Hirad aihamishe stoo. Ulimwambia vitabu vya dini avipeleke msikitini, na vitabu vya shule avigawe au aviuze. Ruqiyo wakati huo alikuwa Mombasa kwenye harusi, na hakuna aliyekumbuka kwamba, mvua ilipovujisha paa, alikitoa kitabu cha babu yenu rafuni na kukificha katika sanduku la bati, chini ya vitabu vyenu vya shule, ili kisilowe. Hirad alipeleka vya dini msikitini kama alivyoagizwa. Sanduku la bati aliliona lina vitabu vya hesabu na jiografia juu, akafunga mizigo yake. Hirad ni mtu wa nguo, Abukar. Umjaribu kwa kitambaa naye atakwambia kimefumwa wapi. Vitabu havijui. Kwa hiyo alifanya kama ambavyo mtu mwenye akili angefanya: alileta sanduku kwangu.

Nilikitoa kitabu kile sandukuni, Jacklyne akakipiga picha, nami nikakiandikia maelezo. Nayanukuu hapa, maana nayajua kwa moyo sasa: "Kitabu cha kale, kimeandikwa kwa mkono, kwa herufi za Kiarabu. Jalada la ngozi limechakaa pembeni. Kurasa zote zipo. Hakina alama ya mwenyewe." Picha haikukaa sana. Alikinunua mtu anayeitwa Wathome, anayeishi Umoja, ambaye kazi yake ni kununua vitu vya kale na kuwauzia watu wa nje ya nchi wanaovikusanya. Mwendesha bodaboda akaja, akakichukua kikiwa kimefungwa kwa karatasi za gazeti. Jioni ile Jacklyne alipika kuku.

Ruqiyo alirudi kutoka Mombasa, akakitafuta kitabu kwa ajili ya kusoma maulidi ya Mfungo Sita, akakikosa. Akaambiwa vitabu viko kwa Mwalimu. Alikuja hapa na viatu vyenye matope ya Majengo, hakukubali kuketi, hakukubali maji. Jacklyne alimfungulia ile picha katika simu, kwa maana soko lile huhifadhi picha hata kitu kikishauzwa. Ruqiyo alivaa miwani yake, akaivuta picha ikawa kubwa, akasoma ukurasa wa kwanza kwa sauti. Mimi nilikuwa nimezoea kuzisikia beti za kitabu kile utotoni, nikiwa nimeketi kizingitini kwenu, lakini ukurasa ule wa kwanza sikuwahi kuusikia, kwa kuwa hausomwi mbele ya watu. Alisoma hivi: "Kitabu hiki ni wakfu kwa watoto wa Majengo. Hakiuzwi, hakirithiwi, hakipewi mtu. Atakayekishika ni mlinzi, naye ataulizwa."

Kisha akavua miwani, akaniuliza kama nilijua mlinzi wa sasa ni nani. Nilijua. Ni wewe.

Tulikwenda Umoja pamoja, mimi na yeye. Wathome si mtu mbaya. Alinisalimu kwa "sasa", nikamjibu kwa "hujambo", akacheka akasema kwamba maelezo yangu na mimi mwenyewe tunafanana. Chumba chake kimejaa taa za reli na saa zisizokwenda. Alinawa mikono kabla ya kukitoa kitabu, jambo ambalo mimi sikulifanya. Alikiweka mezani juu ya karatasi safi. Ruqiyo alinyoosha mkono, akaurudisha, akauliza, "Kitambaa chake kiko wapi? Mama hakuwahi kukiacha uchi." Wathome akasema hajui kitambaa chochote, kitabu kilimfikia ndani ya gazeti.

Tulimweleza habari ya wakfu. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaufungua ukurasa wetu katika simu yake, akanisomea maelezo yangu mwenyewe mpaka kwenye yale maneno ya hakina alama ya mwenyewe. Akasema, "Mwalimu, nimekinunua kwa neno lako. Leo unataka nikirudishe kwa neno lako lile lile?" Alituambia kwamba kila anapopata kitu chema hutokea watu wawili au watatu wanaodai ni cha bibi yao, na maneno ya wakfu yanaweza kusomwa na yeyote anayejua herufi zile, kwa sababu yapo kwenye picha. Alitaka alama ambayo haipo kwenye picha. Akakigeuza kitabu, akatuonyesha nyuma ya jalada nyuzi ndogo za kijani zilizonasa kwenye gundi ya zamani. Alisema kwamba ni wazi kilikuwa na kitambaa, na kitambaa hicho kikiletwa, na nyuzi zikilingana, atakitoa kitabu bila ubishi. Lakini mnunuzi wake wa nje amekwisha kubali, na akishatuma watu wa kukichukua, yeye hataweza tena kufanya lolote. Aliahidi kungoja mpaka mwisho wa mwezi huu, si zaidi.

Ndipo kikao kikafanyika katika kile chumba ambacho Ruqiyo amepanga Huruma wakati nyumba inajengwa, nawe ukawa kwenye simu iliyowekwa juu ya stuli katikati yetu. Unakumbuka kila lililosemwa. Lakini ulisikia bila kuona, kwa hiyo nitakwambia nilichokiona.

Hirad aliketi sakafuni, mtu mwenye ndevu za mvi, ameketi sakafuni mbele ya shangazi yake kama mtoto aliyevunja chungu. Ruqiyo alimuuliza kitambaa cha mama yenu amekitupa wapi. Akasema hakukitupa, kwamba sanduku lilifika kwa Mwalimu bila yeye kutoa kitu ndani yake, na kwamba yeye mwenyewe aliniuliza kama mna kitu cha kukurudishia. Wewe ukasema katika simu, "Luseno, ni kweli?" Mimi nikasema, "Kitambaa sikikumbuki." Hirad aliniangalia. Hakunikasirikia, Abukar. Aliniangalia kama mtu anayejaribu kukumbuka vizuri, kana kwamba labda ni yeye aliyesahau. Kisha sauti yako ikatoka stulini: "Luseno haapi, lakini hasemi uongo. Hirad, usinipigie tena. Na Isiolo usije."

Tangu siku hiyo mambo ya Hirad yameharibika, na nadhani hakuna anayekwambia. Dukani kwake Eastleigh wateja wa Majengo wanapita upande wa pili. Mtu mmoja alimwambia, wengine wakicheka, kwamba afadhali mwizi, kwa kuwa aliyeiba mali ya jirani hukutana na jirani tu, lakini aliyeuza wakfu hukutana na Mungu. Ruqiyo humpokea salamu kwa kutikisa kichwa. Ameitafuta ile takataka iliyotolewa stoo mpaka kule inakomwagwa, akifukua kwa mikono, akitafuta kitambaa cha kijani. Mtu wa nguo, akifukua matambara. Alikuja kunieleza hayo hapa kwangu, akaniomba nimwombee kwako, akasema, "Mwalimu, baba atakusikiliza wewe."

Basi sikiliza. Leyla, usiharakishe hapa. Haya yanamhusu baba yako.

Hirad alisema kweli. Sanduku lilipofika, aliliweka pale penye mlango, akalifungua, na kabla ya kuondoka aliniuliza kwa maneno haya: "Mwalimu, angalia vizuri. Mna kitu humu cha kumrudishia baba?" Hakumwuliza mtu mwingine yeyote, kwa sababu wewe ulimlea akijua kwamba neno langu linatosha. Na mimi, wakati ule, nilikuwa nimekwisha kuiona pembe ya kitambaa cha kijani chini ya kitabu cha jiografia. Nikamjibu, "Hakuna."

Nilikijua, Abukar. Nilikijua kama ninavyoijua sauti yako. Ni kitambaa kile ambacho mama yako alikiunguza kwa pasi ya makaa, akashona kiraka cha mduara kwa uzi mwekundu kwa kuwa uzi wa kijani ulikuwa umekwisha, akatuambia sisi wawili tusimwambie mzee. Ni mimi niliyemtungia uzi sindanoni, macho yake yakiwa yamechoka. Ningewezaje kutokikumbuka?

Utauliza kwa nini. Nimejiuliza hivyo kuliko utakavyoniuliza. Kwa miaka yote ya utoto wetu, kitabu kile kilipofunguliwa, mimi niliketi kizingitini. Hakuna aliyenizuia kuingia. Mama yako alinipa halwa mkononi na kuniita mwanangu. Lakini hakuna aliyewahi kunipa kitabu nikishike, nami sikuwahi kuomba. Nilikua, nikawa mwalimu wa Kiswahili, lugha ileile iliyomo ndani yake, nikaifundisha kwa watoto wa watu, na kitabu kile kikabaki upande wa pili wa kizingiti. Siku kilipoingia mlangoni kwangu chini ya vitabu vya hesabu, niliogopa kwamba nikisema ndiyo, Hirad atakiinua na kuondoka nacho, nami sitakishika tena mpaka nife. Nilitaka kikae kwangu kidogo. Nilijiambia nitakirudisha mwenyewe kwako, kwa mkono wangu, baada ya kukisoma.

Nilikifungua. Sikuweza kusoma hata neno moja. Nilinunua kijitabu cha kufundishia watoto wa madrasa herufi, nikajifunza usiku na mchana kama mtoto, na kila nilipodhani nimelishika neno, nukta zilinitoroka. Beti ambazo masikio yangu yanazijua, macho yangu hayakuzipata. Ilinichoma. Mwishowe niliona hasira na kitabu chenyewe, hasira ya kipumbavu, kana kwamba kilikuwa kinanifungia mlango kwa makusudi. Nikajiambia kwamba wenyewe wamekitupa, na kitambaa cha kijani kiko katika nyumba nyingi. Nikakitoa kitambaa, nikampa Jacklyne kitabu akipige picha, nikaandika kwamba hakina alama ya mwenyewe. Alama yake ilikuwa imekunjwa katika kabati langu, chini ya mashati.

Kitambaa sikuweza kukiuza wala kukitupa. Kina harufu ya udi wa mama yako mpaka leo.

Kwa hiyo Hirad hakuuza mali ya wakfu. Aliniletea mimi mali ya wakfu, akaniuliza, nikamdanganya. Halafu katika chumba cha Huruma, mbele ya dada yako, nilimdanganya tena, nawe ukamhukumu kwa ushahidi wangu. Nilidhani kwamba nikinyamaza jambo litapoa. Jambo halikupoa. Nilikuona wewe ukiniamini, na kule kuniamini kwako ndiko kulikomfukuza mwanao.

Jana nilimweleza Jacklyne. Aliniuliza kama ninataka kuandika maelezo mapya. Nikamwambia ndiyo. Tumeandika chini ya ile picha kwamba maelezo ya mwanzo yalikuwa ya uongo, kwamba kitabu kina mwenyewe na mwandishi alijua. Alinionya kwamba watu watazichukua nyota zao. Wamekwisha kuanza. Nimempigia simu Wathome pia, nikamwambia hayohayo, nikamwomba asikitoe kitabu mpaka mtu mwenye kitambaa amfikie. Akasema, "Sasa hapo ndiyo nimekuamini, Mwalimu." Sijui kama alinitukana au alinifariji. Atangoja.

Leyla, katika kifurushi hiki, chini ya barua, kuna kitu kilichofungwa kwa karatasi ya khaki. Kifungue, umpe babu yako mkononi. Usimwambie ni nini. Abukar, macho yako hayatakusaidia, lakini vidole vyako vitaufikia ule mduara wa uzi mwekundu, na utajua. Nyuzi zake zitalingana na zile za kwenye jalada. Wathome hataki zaidi ya hapo, na Mfungo Sita haujaingia.

Mtu wa kukipeleka kitambaa Umoja utamchagua wewe, kwa kuwa wewe ndiye mlinzi. Lakini nakuomba jambo moja, na ni la mwisho nitakalokuomba ikiwa utaona hivyo. Barua hii sikuitia kwenye basi. Nilimpa Hirad ailete. Nilimwambia ni barua yangu kwa baba yake, na kwamba baba yake hawezi kurudisha barua yangu. Hajui kilichomo. Sikumwambia kwa sababu niliona aibu, na kwa sababu nilitaka wewe usikie kwanza, maana ni wewe uliyemfungia mlango na ni wewe unayeweza kuufungua. Nilimwagiza akifika aikabidhi kwa Leyla, asiingie, angoje nje ya lango mpaka itakapokwisha kusomwa.

Yuko hapo nje sasa, amesimama juani. Mtoke mkamwambie.

Usiponiandikia tena, nitaelewa. Ukija Nairobi na usipite Jericho, nitaelewa pia. Na ikiwa utapita, sitakungoja kitini, nitakaa kizingitini. Mwambie Hirad kwamba nitakwenda Huruma mwenyewe, mbele ya Ruqiyo na wote waliokuwapo, niseme kwa kinywa changu niliyoyasema hapa. Wasalimie watoto na majirani wa hapo. Usisahau dawa ya macho. Jacklyne ameniambia niandike kwamba ile habari ya ngamia niliyoiandika mwanzo aliisema kabla hajajua haya, na sasa ameifuta.

Ni mimi, aliyekuwa rafiki yako, na anayetamani kuwa,

Patrobas Luseno